Kasa wa Mwalimu Gelasius

Kila mwaka, juma la tatu la muhula wa pili, Mwalimu Gelasius aliingia darasa la tano akiwa na chaki mbili, nyeupe na ya kijani, akachora kasa ubaoni. Alianza na gamba, kama karai lililofunikwa. Akafuatisha miguu minne iliyofanana na makasia. Kichwa alikiacha mwisho, akakichora nusu tu, nusu nyingine ikiwa imeingia ndani ya gamba, na hapo tulijua hadithi inakuja.

"Huyu," alisema akigonga ubao kwa rula, "nimemwona kwa macho yangu. Si kwenye kitabu. Baharini, mwaka tisini na tano. Mimi naogelea hivi, yeye anakuja hivi. Akaniangalia. Nilipomsogelea zaidi, alifanyaje?"

"Akaficha kichwa!" tuliitikia, na wote tukaingiza vichwa ndani ya kola za mashati.

Kwetu sisi watoto wa Shanwe, huku Mpanda, bahari ilikuwa rangi ya bluu pembeni mwa ramani. Wengine tulikuwa tumefika Ikola au Kapalamsenga kwa ndugu tukaliona ziwa, lakini bahari, yenye chumvi na kasa, tulimjua mtu mmoja tu aliyewahi kuingia ndani yake. Ndiyo maana wenzangu walimwita Mwalimu Kasa, naye hakukasirika. Mimi sikuweza kumwita hivyo kwa sababu ni mdogo wake baba yangu. Nyumbani alikuwa baba mdogo, shuleni mwalimu, na mara mbili nilichanganya, nikamwita baba mdogo mbele ya darasa zima. Sikunyoosha tena mkono mpaka muhula ukaisha.

Ni mtu mrefu, mwembamba, anayevaa miwani iliyofungwa kisogoni kwa uzi wa kiatu. Huamka mapema kumwagilia mchicha wake, kisha huenda shuleni kwa baiskeli, polepole kiasi kwamba watoto wanaotembea kwa miguu humpita huku wakimwamkia. Jumapili anaimba besi kanisani. Amezaliwa Kapalamsenga, mtoto wa mvuvi, na mpaka leo akienda kwao huingia ziwani kuoga kabla hajamaliza kusalimia watu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu nilipokutana na ile sentensi. Ilikuwa kwenye kitabu kinene cha wanyama watambaao, katikati ya ukurasa, haina makuu yoyote: kasa, tofauti na kobe, hawezi kuingiza kichwa wala miguu ndani ya gamba lake. Niliisoma mara tatu. Nikatazama kulia na kushoto kama kuna mtu mwingine maktabani aliyeiona.

Kobe tunao. Hakuna mtoto wa Mpanda ambaye hajawahi kumgusa kobe kwa kijiti na kuona kichwa kikirudi ndani. Mtu wa kwetu akitaka kumbuni kasa, atamtengeneza kutokana na kobe huyo huyo. Nikaelewa kwamba baba mdogo hakuwahi kumwona kasa.

Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji, na hata ningekuwa msemaji, sikuona wa kumwambia. Nilikirudisha kitabu rafuni na ile siri nikarudi nayo nyumbani likizo, nikakaa nayo mezani kwake, nikala naye ugali, miaka sita.

Mwaka huu alitimiza sitini. Wanafunzi wake wa zamani tukaunda kundi la WhatsApp, na Masalu akalipa jina la Watoto wa Kasa. Masalu anauza vipuri vya pikipiki mjini, ana watoto watatu, na wote waliijua hadithi ya kasa kabla ya kujua kusoma. Ndiye aliyeandika: "Jamani, saa ya ukutani kila mstaafu anapewa. Sisi tumpeleke Mwalimu baharini akamsalimie rafiki yake." Watu wakachanga kwa furaha. Kisha akaandika tena: "Pude apange safari na amsindikize. Yeye ndiye msomi, halafu ni mtoto wao."

Nikajibu, "Sawa." Katika kundi lile sijawahi kuandika neno refu kuliko hilo.

Tulimpelekea habari Jumapili mchana, nyumbani kwake, tukiwa watu kama kumi tumebanana sebuleni. Masalu alisimama akasema kwa niaba ya wote.

"Na siku ya kukuaga, Mwalimu, utatusimulia upya! Darasa la tano la sasa watakuwepo, na sisi darasa la tano wazee tutakuwepo. Tunataka kuona kama rafiki yako amezeeka kama wewe."

Watu wakapiga makofi. Baba mdogo alitabasamu, lakini kikombe chake kiligongagonga kisahani mpaka akakiweka chini.

"Mbona umenywea?" mkewe, mama Romana, alimuuliza. "Unaenda kula raha, unakaa kama umeitwa kituo cha polisi."

"Nimefurahi," alisema. "Furaha nyingine inakuja taratibu."

Alinisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hulifanya kwa wageni tu. "Pude," alisema, "huko baharini kwenyewe ni siku ngapi?"

"Siku moja, baba mdogo. Nyingine zote ni safari."

"Na tutamwona?"

"Nitatafuta vizuri."

"Tafuta vizuri, mwanangu. Kwa sababu nikirudi sijamwona..."

Hakumalizia, na kwangu hakuwa na haja. Akimwona hata mmoja, hadithi ya miaka thelathini ingekuwa kweli, ingawa kwa kuchelewa. Asipomwona, ingembidi asimame mbele ya watu wote wanaompenda na kudanganya kwa mara ya mwisho, tena uzeeni, tena kwa nauli yao.

Nikafanya kazi hiyo kama ninavyofanya kila kitu: nilisoma kwanza, kisha nikaandika maswali kwenye daftari. Boti inabeba watu wangapi? Mnawalisha kasa? Mnaruhusu kuwashika? Mkimwona mmoja, boti inasimama umbali gani? Tusipomwona, itakuwaje? Nikayatuma Unguja, kwa kila mwenye boti niliyempata namba yake. Wengine hawakujibu. Wengine walijibu bei tu. Mwishoni nikabaki na wawili.

Wa kwanza alijibu kabla sijaweka simu chini: "Kasa asilimia mia moja dada! Tuna bwawa letu. Mtaingia, mtawalisha mwani, mtawabeba, mtapiga picha. Hamuwezi kukosa."

Wa pili alichukua siku mbili. Alituma ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake jogoo aliwika. Alijitambulisha kuwa Nahodha Makame.

"Mwanangu, nimesoma maswali yako yote. Mie kasa simfugi. Yuko kwake, mie niko kwangu. Boti yangu watu sita, hazidi mtu. Humshiki, humlishi, humfukuzi. Akija mwenyewe, wewe tulia kama gogo. Tukimwona, alhamdulillahi. Tusipomwona, mtakuwa mmekoga bahari. Ukitaka wa kushika, wapo wenzangu, sikukatazi."

Nilijua yupi ni sahihi. Nilikuwa nimesoma kwamba kasa anayefukuzwa hukosa nafasi ya kupumzika na kupanda juu kuvuta pumzi, na kwamba mikono ya watu si mahali pake. Lakini pia nilikuwa nimeona kikombe kikigongagonga kisahani. Nikawaambia wote wawili kwamba nitawajibu tukifika, nikatumaini kwamba njiani nitapata ujasiri.

Njia ilikuwa ndefu vya kutosha. Treni hadi Tabora, basi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, kisha gari hadi kijiji kimoja cha kaskazini. Ujasiri haukupanda hata kimoja kati ya vyombo hivyo. Baba mdogo alikaa dirishani njia nzima na mfuko wa karanga mapajani, akinitajia mazao tuliyoyapita.

Jioni ya siku tuliyofika, tulikaa barazani kwenye nyumba ya wageni, nikampa simu asikilize ule ujumbe wa Nahodha Makame. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Huyu anatuambia tusipomwona tutakuwa tumeoga," alisema. "Pude, nimetoka Mpanda kuja kuoga?"

"Yupo mwingine."

"Mwingine anasemaje?"

Nikamsomea. Asilimia mia moja. Uso wake ulikunjuka, akavuta kiti karibu. "Sasa huyo ndiye. Mbona ulikuwa unamficha?"

"Ametuma na video, baba mdogo."

Nikaibonyeza kabla sijajizuia. Ilionyesha maji ya kijani yaliyozungushiwa mawe, watu wamesimama ndani hadi kiunoni. Mwanamume mmoja alimwinua kasa juu ya maji kwa mikono miwili, kama mtu anayenyanyua sinia, akageukia kamera akicheka. Kasa alipiga hewa kwa miguu yake, kushoto na kulia, kama bado anaogelea. Shingo yake ilikuwa nje yote. Mkono wa mtu mwingine ulimgusa utosini. Kasa alifumba macho, akageuza kichwa upande, lakini kichwa kilibaki pale pale nje.

Baba mdogo aliitazama mpaka mwisho, akairudia. Mara ya tatu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mbona hafichi kichwa?" aliuliza.

Nilitazama sakafu.

"Pude."

"Abee."

"Hawezi?"

"Hawezi, baba mdogo. Kobe ndiye anayeweza."

Jirani alikuwa anapara samaki, na magamba yalisikika yakidondoka kwenye ndoo.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili chuoni."

"Na miaka yote hiyo unakuja nyumbani, unanisalimia shikamoo, unakula ugali wangu, umenyamaza?"

"Ningesemaje?"

Nilidhani atakasirika. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, na nilipogundua kwamba anacheka, tayari machozi yalikuwa yanamtoka, na baadaye sikuwa na hakika tena kama ni kicheko.

Akanieleza. Mwaka tisini na tano alipelekwa Dar es Salaam kwenye semina ya walimu. Kabla ya kuondoka aliliahidi darasa kwamba atakwenda baharini na atamwona kasa. Alipofika akashikwa na homa, akalala siku nne chumbani, na bahari aliiona kwa dirisha la basi tu siku ya kurudi. Alipoingia darasani, watoto zaidi ya arobaini walisimama kwa pamoja: "Mwalimu, kasa!"

"Walikuwa wamesubiri," alisema. "Nikasema ndiyo, nimemwona. Nilidhani nitaisema siku moja tu. Kumbe hadithi ukishawapa watoto, mwaka unaofuata wanakuja wadogo zao kuidai."

Akachukua simu, akarudia ule ujumbe wa Nahodha Makame, safari hii akitikisa kichwa polepole.

"Unajua, pale Kapalamsenga baba yangu hakusema hata siku moja kwamba anakwenda kuvua. Mama akimuuliza, anamjibu, 'Nakwenda kuangalia.' Wavuvi wote walikuwa hivyo. Ukimtaja samaki kabla hujaingia majini, wanakuteremsha kwenye mtumbwi, unarudi nyumbani na aibu. Mimi nikamtaja kasa kabla sijamwona. Nikawaahidi." Akanirudishia simu. "Huyu wa asilimia mia ni mimi mwenyewe. Mjibu Makame."

"Na tusipomwona?"

"Basi tutakuwa tumeoga."

Nahodha alituambia tufike saa nne asubuhi. Baba mdogo alinigongea mlango saa kumi na mbili, akisema mwenye boti anayetoka saa nne ni mvivu. Tukafika ufukoni saa moja, na bahari haikuwepo.

Kulikuwa na mchanga, na matope, na madimbwi, na boti kadhaa zimelala ubavu kama zimechoka. Mbali sana wanawake walitembea wameinama wakishughulikia mwani wao, pale ambapo jana alasiri tuliona maji matupu. Baba mdogo alisimama na taulo begani.

"Pude," alisema kwa sauti ya chini, "imekwenda wapi?"

"Imekupwa. Itarudi."

"Kupwa na kujaa najua, nimeifundisha miaka thelathini na sita kwa chaki. Nilidhani inashuka kidogo. Kama beseni." Aliendelea kutazama. "Ziwa letu haliwezi kumfanyia mtu hivi."

Nahodha Makame alitukuta tumekaa juu ya jiwe. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kofia ya kufuma, na alipotuona alianza kucheka akiwa bado mbali.

"Nyie ndio wa bara! Nilisema saa nne. Mlitaka niisukume boti juu ya mchanga?"

"Kwetu maji hayaondoki," baba mdogo alijitetea.

"Kwenu maji hayana kwa kwenda, mwalimu. Haya, njooni mnywe chai, twenda kuangalia yakirudi."

Baba mdogo alinigeukia. Nilijua amesikia neno gani: lile la baba yake.

Maji yalirudi. Saa nne na nusu tulikuwa kwenye boti na wageni wengine wawili, mume na mke kutoka Arusha. Mimi siogelei. Nilivaa jaketi la kuokolea nikakaa katikati, nimeshika ubao kwa mikono miwili. Baba mdogo alivaa miwani ya majini juu ya uso, akajaribu mrija wa kupumulia, akakataa viatu vya mapezi kwa kusema miguu yake inatosha.

Boti ilipotia nanga juu ya nyasi za baharini, akashuka majini kwa ngazi, na kabla Nahodha hajamwambia lolote, akachota maji kiganjani, akayanywa. Kwao ndivyo wanavyofanya. Mtu haingii ziwani bila kuonja funda moja, na yale maji ni matamu. Sijawahi kuona uso ukibadilika haraka namna ile. Alitema, akakohoa, akashika ngazi.

"Mwalimu!" Nahodha aliita. "Chumvi hukuifundisha?"

"Niliifundisha," alisema baba mdogo akikohoa. "Sikujua ni nyingi hivi!"

Hata mimi nilicheka, kwa sauti, mbele ya wageni.

Yeye na wale wageni wa Arusha walielea kwa muda mrefu wakitazama chini. Hawakuona kitu ila samaki wadogo. Kisha, mbali kidogo, mtu kwenye boti nyingine alipiga mluzi. Kasa! Boti tatu zilizokuwa zimetawanyika zikawasha injini kwa pamoja zikakimbilia pale. Watu wakaanza kuruka majini, huyu juu ya yule, wakipiga mateke. Mara moja niliona kitu cheusi kikijitokeza katikati yao, kikazama kabla hakijamaliza kujitokeza.

Baba mdogo alikuwa ameshika ngazi, amevua miwani. Nahodha alimtazama.

"Yuko pale," Nahodha alisema. "Nikiwasha injini, dakika moja utakuwa juu yake. Ahadi niliyompa mwanao ni simfukuzi, lakini wewe ndiye uliyetoka mbali."

Niliona midomo ya baba mdogo ikisogea bila sauti. Siku ilikuwa moja tu. Saa ya kurudi ilikuwa inakaribia, na kesho tulikuwa na safari. Kule ng'ambo kile kitu cheusi kilijaribu tena kuja juu, na watu wakapiga kelele za furaha.

"Anataka kupumua," baba mdogo alisema. "Hawampi nafasi." Akavaa miwani. "Hapana, Nahodha. Tukae hapa hapa tuangalie."

Nahodha alikwenda nyuma ya boti akaifunika injini kwa gunia, kama mtu aliyemaliza kazi nayo. Mume na mke wa Arusha walipanda kupumzika. Baba mdogo alirudi majini peke yake, akalala kifudifudi, mikono ameikunja kifuani. Mgongo wake mwembamba ulielea pale kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhesabu pumzi za mrija wake ili nijue kama yuko salama.

Kisha mrija ukatoa sauti ya ajabu, kama ng'ombe mdogo. Hakuinua kichwa. Hakuchomoa mikono kifuani. Nahodha aliniinulia kidole nisiseme, akanionyesha chini ya maji upande wa pili. Mimi niliona kivuli tu. Kisha, hatua kama kumi kutoka kwa baba mdogo, kichwa kilitokea juu ya maji, kidogo, kiking'aa kwa jua, kikavuta pumzi moja niliyoisikia, na kikarudi chini.

Alipopanda boti alikaa akajifunika taulo. Nahodha alimpa maji ya kunywa, ya chupa, akasema, "Haya si ya chumvi," lakini baba mdogo hakucheka. Tulikuwa karibu na ufuko alipoanza kusimulia.

"Alikuwa anakula nyasi. Anazikata hivi, kwa upande wa mdomo, kama mbuzi. Mgongoni ana kovu, na majani ya kijani yameota. Nilitaka kumsogelea, Pude. Nilitaka sana. Nikajizuia. Yeye ndiye aliyekuja, akapita chini yangu, akageuza shingo akaniangalia. Shingo ina makunyanzi kama ya bibi yako."

"Na kichwa?" niliuliza.

"Kiko nje," alisema. "Kiko nje muda wote. Hana pa kukiweka."

Hapo nilijua kwamba amemwona.

Hatukuwa na picha. Simu yangu ilikuwa imefungwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, na wakati wote huo sikuikumbuka. Nilianza kujilaumu, lakini baba mdogo alinizuia.

"Ya uongo waliniamini miaka thelathini bila picha," alisema. "Hii tutaona."

Siku ya kumuaga, darasa la tano lilijaa mpaka madirishani. Masalu alikuja na watoto wake wote watatu, wamevaa nguo za kanisani. Mama Romana alikaa mbele. Baba mdogo aliingia na chaki mbili, nyeupe na ya kijani, na makofi yakapigwa kabla hajasema neno. Alichora gamba. Alichora miguu. Kisha akaweka chaki chini.

"Kabla ya kichwa," alisema, "nina jambo."

Akaliambia darasa kwamba mwaka tisini na tano hakumwona kasa. Akasema homa, chumba, dirisha la basi. Hakulizungusha wala hakulipamba. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, na niliona kisogo cha Masalu kikiwa kimetulia kabisa. Mama Romana alitazama mikono yake.

"Mwalimu," Masalu alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya utani, "mimi nimewafundisha watoto wangu."

"Najua, Masalu. Ndiyo maana nimekuomba uje nao."

Kisha akawasimulia ya sasa: bahari iliyoondoka na kurudi, funda la chumvi, boti tatu, na ule mgongo wenye kovu. Alipofika kwenye kunywa maji ya bahari, mtu alicheka, na alipofika kwenye shingo ya bibi, darasa zima lilicheka. Alichukua chaki akachora shingo ndefu, yenye makunyanzi, na kichwa kizima nje ya gamba. Baada ya miaka yote ile, yule mnyama wa ubaoni alionekana ametoka mahali alipokuwa amefungiwa.

Kijana mmoja wa dirishani, Maiko, alinyoosha mkono. "Mwalimu, picha iko wapi?"

"Hakuna."

"Sasa tutajuaje kama na hii siyo kama ile?"

Watu wazima wakaguna. Miaka yote nilikaa na sentensi moja ya kitabu tumboni, na sasa nikajikuta nimesimama.

"Kwa sababu ya kichwa," nilisema. Wote wakageuka. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "Kasa hawezi kuficha kichwa. Imeandikwa. Na mimi nilikuwa kwenye boti, nimekiona."

"Pude anaongea!" Masalu alisema kwa mshangao, na kicheko kilichofuata kilimrudisha Masalu tunayemjua. Alifuta macho kwa kiganja. "Basi kama Pude amesema, mimi naamini. Mwalimu, umenifanyia vibaya, lakini endelea."

Binti wa Masalu, Nyanzala, wa mwisho kwa kuzaliwa, alikuwa bado anatazama ubao. Hakunyoosha mkono.

"Sasa," aliuliza, "akitishwa, na hawezi kujificha, anafanyaje?"

Baba mdogo alishuka kwenye kijukwaa akachuchumaa mbele yake, miwani imemteremka puani.

"Anaondoka," alisema. "Ndiyo maana mtu unakaa kimya, mikono unaikunja, unamsubiri."

Nyanzala aliikunja mikono yake kifuani. Ndugu zake wakafuata, kisha Maiko wa dirishani, kisha darasa zima la tano, na darasa likawa kimya.